Vipuri, Karatasi na Kompyuta: Kwa Nini Mgavi Hukubali Mitambo Izungumze kwa Niaba Yake

Lori linalobeba magunia ya korosho kutoka kata ya Mkotokuyana, wilayani Nachingwea, kuelekea ghala kuu, lina mambo mawili ya kumfundisha mwanafunzi wa sayansi na ufundi. La kwanza limo katika lori lenyewe. Injini yake, springi zake, betri yake na vioo vyake havikutengenezwa na kiwanda kimoja, bali na viwanda vingi ambavyo vilipaswa kuelewana juu ya kila kipande, idadi yake na siku ya kufika kwake. La pili limo katika mzigo. Kila gunia lina uzito, daraja na mwenyewe, na habari hizo hazina budi kumfikia mnunuzi aliye mbali, ambaye huenda asionane na mkulima maisha yake yote.

Mambo hayo mawili, ijapokuwa yanaonekana kuwa mbalimbali, yana swali moja: habari za mali zitasafirije kutoka kwa mtoaji hadi kwa mpokeaji bila kupotea, bila kuchelewa na bila kubadilika njiani? Viwanda vya magari vililikabili swali hilo mapema na kwa ukali. Jibu lao lilikuwa kuziwezesha kompyuta za mnunuzi na za mgavi kupashana habari zenyewe kwa zenyewe, pasipo karatasi kati yao. Makala haya yanaeleza kwa nini wagavi, yaani wale wanaoviuzia viwanda vikubwa vipande vya magari, walilikubali jibu hilo. Yanaeleza pia kwa nini baadhi yao walipata faida kubwa huku wengine wakipata gharama tu.

Gari ni kazi ya mikono mingi

Kampuni ya Toyota hueleza kwamba gari moja lina vipande vipatavyo 30,000, ikiwa kila skrubu na kila nati itahesabiwa. Kiwanda ambacho jina lake limeandikwa mbele ya gari hutengeneza sehemu tu ya vipande hivyo, vilivyobaki hununuliwa. Wagavi nao wamepangika kwa ngazi. Mgavi wa ngazi ya kwanza hupeleka kiti kizima kiwandani. Wa ngazi ya pili humletea huyo wa kwanza fremu ya kiti au kitambaa chake. Wa ngazi ya tatu humletea wa pili chuma au nyuzi. Kosa dogo katika ngazi ya chini laweza kukisimamisha kiwanda kizima kilicho juu.

Zamani kinga dhidi ya hatari hiyo ilikuwa akiba. Kiwanda kilirundika ghalani vipande vya kutosha majuma kadhaa, ili ucheleweshaji wa mgavi mmoja usiwarudishe wafanyakazi nyumbani. Lakini akiba ni fedha iliyolala. Huhitaji ghala, walinzi na bima, na muundo wa gari ukibadilika, vipande vya zamani huwa takataka. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mhandisi wa Toyota aitwaye Taiichi Ohno alianzisha utaratibu ambao kila kipande hufika kinapohitajika na kwa idadi inayohitajika tu. Katika utaratibu huo kadi ndogo, iitwayo kwa Kijapani kanban, ndiyo iliyobeba agizo kutoka kituo kimoja cha kazi hadi kingine, na hata hadi kwa wagavi waliokuwa karibu.

Katika miaka ya 1980 viwanda vya Marekani na Ulaya viliuiga utaratibu huo. Hata hivyo, wagavi wao wengi walikuwa mamia ya kilometa mbali, ambako kadi ya mkononi haiwezi kufika kwa wakati. Hapo ndipo kanuni moja muhimu ilipodhihirika: akiba ya ghalani ni fidia ya kutojua. Mwenye kujua hasa kitakachohitajika kesho hana haja ya kurundika leo. Kwa hiyo, anayetaka kupunguza akiba hana budi kwanza kuharakisha habari.

Safari ya karatasi

Kabla ya mabadiliko hayo hali ilikuwa ya kushangaza. Mnunuzi alikuwa na kompyuta, na mgavi mkubwa naye alikuwa nayo, lakini kati yao palikuwa na posta. Kompyuta ya mnunuzi ilichapa agizo katika karatasi. Karatasi ikatiwa katika bahasha, ikasafiri siku kadhaa, ikafunguliwa. Kisha karani wa mgavi akaziandika upya tarakimu zile zile katika kompyuta yake. Mali ilipopelekwa, hati ya kupelekea mali ilifanya safari hiyo hiyo kwa kurudi, na baada yake ankara ya kudai malipo.

Kila mara habari inapoandikwa upya, mlango wa makosa hufunguka. Hesabu ndogo yaonyesha ukubwa wa mlango huo. Ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba karani mwangalifu hukosea tarakimu 1 katika kila 300 anazoziandika, na kwamba hati moja ina tarakimu 60. Uwezekano wa kuiandika hati nzima bila kosa hata moja ni 299/300 kuzidishwa kwa yenyewe mara 60, yaani karibu 0.82. Maana yake ni kwamba hati 18 hivi katika kila 100 zitakuwa na kosa angalau moja. Hati hiyo ikinakiliwa mara mbili na makarani wawili, zenye makosa hufikia 33 hivi katika 100. Karani hakuwa mzembe. Ni utaratibu uliomtaka afanye kazi isiyolazimu kufanywa.

Kutafuta lugha moja

Kuunganisha kompyuta mbili kwa waya ni kazi nyepesi kuliko kuzifanya zielewane. Kompyuta haikisii. Ikiwa mmoja ameandika tarehe kwa kuanza na siku na mwingine kwa kuanza na mwezi, mashine itapokea 03-04 bila kushuku lolote. Kwa hiyo kazi ya kwanza ilikuwa kutunga lugha moja ya hati.

Mwanzo wa wazo hilo huhusishwa na mji wa Berlin. Kuanzia Juni 1948 hadi 1949, barabara na reli za kuingia Berlin Magharibi zilipofungwa, ndege zilipeleka huko tani zipatazo milioni 2.3 za makaa, chakula na bidhaa nyingine. Mizigo ilifika na hati za namna nyingi. Askari mmoja wa Marekani, Edward Guilbert, alishiriki kubuni orodha ya mizigo yenye mpangilio mmoja, ambayo iliweza kutumwa kwa teleksi au simu. Mwaka 1968 kamati ya kuratibu hati za usafirishaji iliundwa Marekani, naye Guilbert akawa miongoni mwa viongozi wake. Mwaka 1979 kamati nyingine ya viwango, iitwayo X12, ilianza kutunga lugha ya biashara kwa ujumla.

Viwanda vya magari havikungoja. Mwaka 1982 mameneja kutoka Chrysler, Ford na General Motors walianzisha chama cha kushughulikia mambo ya pamoja ya viwanda vyao na wagavi, kiitwacho kwa kifupi AIAG. Miaka michache baadaye wenzao wa Ulaya walianzisha ODETTE kwa shabaha hiyo hiyo. Hatimaye, chini ya Umoja wa Mataifa, juhudi za Marekani na za Ulaya zilikutanishwa katika lugha iitwayo EDIFACT, ambayo sarufi yake ilikubaliwa mwaka 1987 kuwa kiwango cha kimataifa namba ISO 9735.

Lugha hiyo haina siri kubwa. Agizo la vipande 400 vya namba 7401, vinavyotakiwa tarehe 14 Machi 2025, laweza kuandikwa hivi:

LIN+1++7401:IN'
QTY+21:400:PCE'
DTM+2:20250314:102'

Mstari wa kwanza unataja kipande kwa namba anayoitumia mnunuzi. Wa pili unataja idadi: 21 maana yake ni idadi iliyoagizwa, na PCE ni kipimo cha vipande. Wa tatu unataja siku: 2 maana yake ni siku mali inayotakiwa kufika, na 102 huiambia mashine kwamba tarehe imeandikwa kwa mwaka, mwezi, kisha siku. Alama + hutenga neno na neno, na alama ' hufunga sentensi. Kila ujumbe una jina lake pia. DELFOR hutoa makadirio ya mahitaji ya siku zijazo, DELJIT huagiza mali ya siku au saa maalumu, DESADV huarifu kwamba mali imeondoka, na INVOIC ni ankara.

Umuhimu wa lugha ya pamoja huonekana kwa hesabu. Kama viwanda 10 vya magari vina wagavi 100, na kila kiwanda kina mpangilio wake wa hati, basi kila mgavi atahitaji tafsiri 10, na jumla ya tafsiri itakuwa 1,000. Wote wakikubali lugha moja, kila mmoja atahitaji tafsiri moja tu, kati ya lugha hiyo na kompyuta yake, na jumla itakuwa 110. Kwa hiyo mgavi anayeuza kwa wengi ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya kiwango cha pamoja. Mnunuzi mkubwa, kwa upande wake, hushawishika kuulazimisha mpangilio wake mwenyewe, kwa kuwa gharama ya tafsiri humwangukia mwingine.

Sababu tatu za kukubali

Mwaka 1995 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha British Columbia, nchini Canada, yaani Iacovou, Benbasat na Dexter, walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya mashirika madogo saba yaliyokabiliwa na uamuzi wa kutumia hati za elektroniki. Waliyapanga mambo yanayomwongoza mwenye shirika dogo katika mafungu matatu, ambayo yamekuwa msingi wa uchunguzi mwingi uliofuata.

Fungu la kwanza ni faida anayoitazamia. Hapa zimo karatasi na posta zinazookolewa, makosa yanayopungua, na malipo yanayoharakishwa. Zimo pia faida zisizoonekana upesi, kama vile kupanga kazi vizuri zaidi kwa sababu mahitaji ya majuma yajayo yanajulikana mapema.

Fungu la pili ni utayari wake, yaani fedha, mitambo na watu wenye ujuzi. Fundi mwenye wafanyakazi 15 aweza kuzitamani faida zote zilizotajwa, lakini asiwe na hata mtu mmoja wa kuitunza kompyuta.

Fungu la tatu ni shinikizo kutoka nje: washindani waliokwisha kukubali na, zaidi ya hao, mshirika mwenye nguvu anayesema kwamba asiyeweza kupokea maagizo kwa kompyuta hatapewa maagizo. Watafiti hao walibaini kwamba kwa mashirika madogo sababu hii ya tatu ndiyo iliyokuwa na uzito mkubwa, hasa ilipotoka kwa mshirika wa biashara.

Katika viwanda vya magari shinikizo hilo lina nguvu ya pekee. Wanunuzi ni wachache na wakubwa, wagavi ni wengi na wadogo. Mgavi aliyenunua mashine za kutengeneza kipande cha gari moja maalumu hawezi kwa urahisi kukiuza kipande hicho kwingine. Kadiri anavyomtegemea mnunuzi mmoja, ndivyo anavyopungukiwa na uwezo wa kukataa. Ndiyo maana jibu fupi la swali la kwa nini mgavi wa magari hukubali ni hili: wengi hukubali ili wasiukose mkataba, kisha ndipo hutafuta faida.

Nani hupata faida?

Faida yenyewe ni ya kweli. Mwaka huo huo wa 1995 watafiti wengine watatu, Mukhopadhyay, Kekre na Kalathur, walichapisha uchunguzi wao juu ya viwanda tisa vya kuunganisha magari vya kampuni ya Chrysler, wakitumia takwimu za miaka ya 1981 hadi 1990. Waliona kwamba habari bora kati ya kampuni na wagavi ziliokoa dola 60 hivi kwa kila gari, kwa kupunguza akiba, vipande visivyohitajika tena na usafirishaji wa dharura. Gharama za kuandaa na kupeleka hati zilipojumlishwa, faida ilizidi dola 100 kwa kila gari. Kwa kampuni nzima hiyo ilikuwa dola milioni 220 hivi kwa mwaka.

Msomaji mwangalifu atatambua kwamba hiyo ni hesabu ya mnunuzi. Hesabu ya mgavi ni nyingine, nayo hutegemea jambo moja ambalo aghalabu husahauliwa: ujumbe ukifika, huingia wapi? Kuna mgavi ambaye ujumbe huingia moja kwa moja katika hesabu zake za akiba, mpango wake wa kazi na ankara zake. Huyo amefuta kazi ya kunakili na mlango wa makosa umefungwa. Na kuna mgavi ambaye ujumbe hufika katika kompyuta moja iliyonunuliwa kwa ajili ya mteja tu. Karani huuchapa katika karatasi, kisha huuandika upya katika daftari la kiwanda. Kwa nje wote wawili wameendelea. Kwa ndani huyu wa pili bado anatumia karatasi, na sasa ana gharama ya kompyuta juu yake. Mkono wa karani umehamishwa tu kutoka kwa mnunuzi hadi kwake.

Tatizo huzidi kwa kadiri ngazi za wagavi zinavyoshuka. Katikati ya miaka ya 1990, AIAG iliongoza majaribio juu ya mkondo wa kutengeneza viti vya magari wenye ngazi nne. Majaribio hayo yalilenga udhaifu uliojulikana na wengi: habari za mabadiliko ya mahitaji zilikwenda upesi hadi kwa mgavi wa kwanza, kisha zikatambaa kwa majuma kabla ya kumfikia wa mwisho. Mnyororo wa habari hushindwa pale ulipo dhaifu kuliko pote, sawa na mnyororo wa chuma.

Sura ya jambo hili Afrika Mashariki

Viwanda vya kuunganisha magari si vigeni katika Afrika Mashariki. Kenya ilivianzisha katika miaka ya 1970 huko Thika, Mombasa na Nairobi. Kile cha Nairobi kilikuwa cha General Motors hadi mwaka 2017, kampuni ya Isuzu ilipozinunua hisa za General Motors, na kikaitwa Isuzu East Africa. Tanzania nayo ilikuwa na kiwanda cha TAMCO huko Kibaha, kilichounganisha malori ya Scania. Viwanda vya namna hii hupokea kutoka ng'ambo vipande vilivyofungwa makasha kwa makasha, kisha huongezea vile vinavyotengenezwa nchini, kama vile betri, springi, rejeta na viti.

Kwa sababu vipande vingi huja kwa meli, hati za kwanza zilizolazimika kuwa za elektroniki zilikuwa zile za forodha. Mwaka 2014 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilianza kutumia mfumo wa forodha uitwao TANCIS, na mwaka huo huo Kenya ilizindua dirisha moja la elektroniki kwa hati za biashara ya nje. Wakala wa forodha hakuulizwa kama anapenda. Asiyewasilisha hati kwa kompyuta hangeweza kutoa mzigo bandarini.

Mfano ulio wazi zaidi ni ule wa ankara za kodi. Tanzania ilianza mwaka 2010 kuwataka wafanyabiashara kutumia mashine za kielektroniki za kutolea risiti. Kenya ilikwenda hatua zaidi kwa sheria ya fedha ya mwaka 2023. Kuanzia Januari 2024, isipokuwa kwa misamaha michache, matumizi yasiyo na ankara iliyopitia mfumo wa mamlaka ya kodi, uitwao eTIMS, hayakubaliwi kupunguzwa katika hesabu ya kodi ya mapato. Matokeo yake yanaeleweka kwa urahisi. Karakana ndogo inayoshona vitambaa vya viti vya mabasi yaweza kuwa haijawahi kutembelewa na mkaguzi; lakini mteja wake, kampuni kubwa, hataki tena ankara ya mkono, kwa sababu ataipoteza nafuu yake ya kodi. Hivyo amri ya serikali hugeuka kuwa shinikizo la mshirika wa biashara, sawasawa na lile lililowafika wagavi wa Detroit miaka 40 hivi iliyopita.

Gunia la korosho na hati zake

Yafaa sasa kurudi kwenye mzigo wa lile lori. Mkondo wa korosho katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa nao una ngazi. Mkulima hupeleka korosho zake kwenye chama cha msingi cha ushirika. Chama huzipima, huzikusanya na kuzipeleka ghala kuu. Mwendesha ghala huzipima tena, huzipanga kwa madaraja na kutoa stakabadhi. Msingi wa utaratibu huo ni Sheria ya Stakabadhi za Maghala ya mwaka 2005, ambayo ilianza kutumika kwa korosho mkoani Mtwara katika msimu wa 2007/2008. Vyama vya msingi vya Ruangwa, Nachingwea na Liwale vimeungana katika chama kikuu kiitwacho RUNALI, jina lililotokana na herufi za mwanzo za wilaya hizo tatu. Chama hicho ndicho kinachosimamia minada. Mnunuzi akishalipa, fedha hurudi kwa njia ile ile kuelekea benki ya mkulima, baada ya makato yaliyowekwa.

Kwa miaka mingi wanunuzi waliandika bei zao katika karatasi na kuzitumbukiza katika sanduku, ambalo lilifunguliwa mbele ya wakulima siku ya mnada. Katika msimu wa 2024/2025 korosho zilianza kuuzwa kwa kompyuta kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, liitwalo kwa kifupi TMX. Mnunuzi sasa aweza kupeleka bei akiwa mbali, na kila bei huandikwa pamoja na wakati wake.

Mwenye kuifahamu historia ya vipuri vya magari atauliza mara moja swali lile lile: kasi hii inafika ngazi ipi? Mnada wa kompyuta unakiunganisha chama kikuu na mnunuzi, yaani unaziunganisha ngazi za juu. Lakini fedha haiwezi kumfikia mkulima wa Mkotokuyana kwa haraka kuliko habari zake. Jina lake, uzito wa korosho zake, daraja lake na namba ya akaunti yake vikinakiliwa na karani wa chama cha msingi kutoka daftari hadi fomu, na tena kutoka fomu hadi orodha ya malipo, hesabu ya makosa iliyotajwa hapo juu itafanya kazi yake. Tarakimu moja ya akaunti ikikosewa, malipo hukwama, hata kama mnada ulimalizika kwa dakika chache.

Tofauti na kiwanda cha magari zipo, na si vema kuzifumbia macho. Korosho hazitakiwi kwa saa maalumu kama viti vya gari. Mgavi wa vipuri aweza kuajiri fundi wa kompyuta. Chama cha msingi cha kijijini huenda kikawa na karani mmoja, umeme usioaminika na mtandao wa simu unaokatika. Zaidi ya hayo, katika korosho swali la uzito ni swali la imani. Korosho mbichi huendelea kukauka, na zikikauka uzito wake hupungua. Kwa hiyo mizani ya kijijini na mizani ya ghala kuu zaweza kutofautiana bila mtu yeyote kuiba. Iwapo vipimo vyote viwili vimeandikwa mahali pamoja, kwa tarehe na kwa namba ya mkulima, tofauti hiyo yaweza kuchunguzwa na kuelezwa. Iwapo kila kimoja kimo katika daftari lake, hubaki kuwa manung'uniko.

Hapo ndipo mashirika madogo saba ya Canada yanapokutana na chama cha msingi cha Nachingwea. Wote wawili hukubali mtambo kwa sababu aliye juu yao ameamua. Hilo peke yake si baya, kwani bila msukumo huenda kusingekuwa na mabadiliko. Lakini shinikizo humfikisha mtu mlangoni tu. Kuingia ndani kunahitaji mambo mengine matatu: habari iandikwe mara moja tu, pale inapozaliwa, yaani kwenye mizani ya kwanza, itumiwe na kila ngazi bila kunakiliwa, na irudi chini kwa kasi ile ile iliyopandia, ili aliyetoa mali ajue imeuzwa kwa bei gani, imekatwa nini na fedha yake imefika wapi.

Sharti la tatu ndilo lenye uzito mkubwa kwa mnyonge. Mnunuzi mkubwa hujenga mfumo ili ayajue mambo ya mgavi. Mgavi naye hufaidi mfumo pale tu anapoyajua mambo ya mnunuzi: mahitaji ya wiki ijayo, sababu ya kukataliwa kwa mzigo, siku ya malipo. Habari ikipita upande mmoja ni usimamizi. Ikipita pande mbili ndipo huwa ushirika wa biashara. Wagavi wa magari waliojifunza hivyo walidai makadirio ya mahitaji pamoja na maagizo. Vyama vya msingi vyaweza kudai, kwa haki ile ile, kwamba taarifa ya mnada na ya malipo imfikie mkulima mwenyewe kwa simu yake au katika ubao wa chama siku ile ile zinapopatikana.

Mazoezi kwa wanafunzi

1. Hati ina tarakimu 40, na karani hukosea 1 katika kila 200. Tafuta uwezekano wa hati hiyo kuandikwa bila kosa, kisha uwezekano wake ikiwa itanakiliwa mara tatu.

2. Wanunuzi 6 wa zao wanashughulika na vyama vya msingi 45. Linganisha idadi ya tafsiri zinazohitajika ikiwa kila mnunuzi ana mpangilio wake wa hati, na ikiwa wote wana mpangilio mmoja.

3. Chora njia inayopitwa na habari za gunia moja la zao la eneo lako kutoka shambani hadi malipo. Weka alama ya msalaba kila mahali habari inapoandikwa upya. Jadili na wenzako ni misalaba ipi yaweza kufutwa kwa kompyuta, na ni ipi yaweza kufutwa kwa kubadili utaratibu tu, bila mashine yoyote.